Dada Yangu na Mwili wa Baba

Watu wakiniuliza dada yangu anafanya kazi gani, huwa nawajibu, "Yuko chuo kikuu." Wengi wanaridhika hapo, wananipa hongera kana kwamba nimesoma mimi. Anayeendelea kunichimba, anafundisha nini, yuko ofisi gani, huyo namvuta nywele kidogo ili anyamaze. Mimi ni msusi, kichwa cha mtu ninacho mkononi. Mdomo wangu hauna breki, lakini habari za Dada nilijizoesha kuzimeza. Sasa nimechoka. Mtaa mzima unamsimulia, kila mmoja anatia chumvi yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwepo. Mimi nilikuwepo.

Dada alitaka udaktari. Nani hataki? Alama zake zilipungua kidogo, kile kidogo kinachouma kuliko kufeli moja kwa moja, wakampa biolojia ya binadamu. Baba alikuwa fundi cherehani, na mtaani walimwita Fundi tu. Mama alifariki sisi tukiwa wadogo, kwa hiyo Baba ndiye aliyetulea, wasichana wawili na cherehani moja. Siku majina ya waliochaguliwa yalipotoka alifunga kibanda mapema, akatembea nyumba kwa nyumba kutangaza.

"Mwanangu anakwenda kusomea watu!"

"Kusomea watu vipi, Fundi?"

"Watu! Nje yao na ndani yao. Daktari huyo!"

Dada alikuwa nyuma anamvuta shati. "Baba, si udaktari. Daktari anatibu. Mimi nitajifunza mwili unavyofanya kazi."

"Sasa huyo daktari anatibuje kitu asichojua kinavyofanya kazi? Usinichanganye, mama." Akabisha hodi nyumba inayofuata.

Siku ya kwanza chuoni mhadhiri aliwaambia kwamba shahada ile inafungua milango mingi. Dada akaja kutusimulia tukiwa mezani: utafiti, maabara za hospitali, afya ya jamii, lishe, viwanda vya dawa, ualimu, polisi wanaochunguza damu na alama za vidole, na kwa atakayeendelea kusoma, viungo vya bandia na tiba ya mazoezi. Alikuwa anang'aa uso mzima. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza, "Na funguo wanagawa lini?" Tulicheka mpaka chai ikanimwagikia mapajani. Siku hizo tulikuwa tunacheka sana.

Somo lililomtoa jasho ni anatomia, ile ya kujua kila mfupa, kila msuli na kila mshipa, unaanzia wapi na unaishia wapi. Vitabu vyenye picha vilikuwa vichache maktaba, wanafunzi wakivigombania. Basi Baba akavua shati. "Nichore mimi," akasema, akampa Dada chaki yake ya kukatia nguo. Ikawa ndiyo kazi yao ya Jumapili. Baba amekaa kwenye stuli mgongo wazi, Dada anamchora misuli ya mabega, ya mbavu, ya mikono, huku akiitaja kwa sauti, na akikosea anafuta kwa kitambaa kibichi anaanza upya. Wateja wakipita wanasema, "Fundi, leo umekuwa ramani?" Naye anajibu, "Ndiyo, na nyinyi mnapita mkoa msioujua."

Kidogo kidogo yakamwingia na yeye. Ukienda kupimwa suruali anakueleza msuli wa paja lako ulivyokaa, na kwa nini mshono pale lazima upewe nafasi. Aliniambia siku moja, "Mimi maisha yangu yote nimewapima watu kwa nje. Kumbe kazi yenyewe iko chini ya ngozi, na aliyeshona hakuacha hata uzi mmoja unaning'inia." Hakuwa mtu wa maneno mazito kwa kawaida. Ile ilikuwa imemgusa kweli.

Dada akamaliza, akavaa joho, tukapiga picha. Kisha akaanza kutafuta hiyo milango.

Jamani! Kiwanda cha dawa kilitaka mwenye uzoefu. Shule zikataka mwenye cheti cha ualimu. Hospitali ikasema maabara ina wenye stashahada ya maabara, yeye ana shahada ya biolojia, ni kubwa mno na hapo hapo haitoshi. Ukisikia mtu amekosa kazi kwa kusoma zaidi na kusoma pungufu kwa wakati mmoja, huyo ni dada yangu. Alipata kazi ya utafiti wa lishe, anapima watoto uzito vijijini, akanenepa kwa furaha yeye mwenyewe. Wafadhili wakaondoka, na mizani wakaondoka nayo. Wenzake walitawanyika. Mmoja anauza dawa, anazunguka na begi la magurudumu kwenye ofisi za madaktari. Mwingine alienda nje kusomea mambo ya kurithi, hajarudi. Yule aliyekuwa wa mwisho darasani akafungua jumba la mazoezi, anawafundisha akina mama wanene kuruka kamba, na ndiye pekee mwenye gari.

Mwishowe chuo chenyewe kikamwita. Aliyekuwa akitunza chumba cha anatomia amestaafu, wanahitaji mtu anayeujua mwili na asiyeogopa. Dada akakubali. Ameshakaa nyumbani muda wa kutosha kusikia kila jirani akiuliza, "Daktari, bado tu?"

Chumba chenyewe nilikwenda kukiona. Kiko chini kabisa ya jengo, madirisha yapo juu karibu na dari, kiasi kwamba unaona miguu ya wapita njia tu. Meza za chuma zimepangwa, kila moja ina mfereji pembeni na ndoo chini. Feni kubwa ukutani inavuma kutwa, na bado ile dawa, fomalini, inakuchoma macho mpaka unalia bila msiba. Kazi ya Dada ilikuwa kupokea miili. Anaiosha, anainyoa, anautafuta mshipa mkubwa wa paja, anaingiza dawa kwa pampu, taratibu, mpaka vidole vya miguu vinakakamaa. Halafu mwili unalazwa kwenye tangi miezi kadhaa kabla ya kupelekwa kwa wanafunzi. Unapewa namba. Jina halipo.

Na kila anapofunua shuka anasema, "Shikamoo." Nilidhani ananitania. "Wengi wao ni wakubwa zangu," akanijibu. "Nianze tu kuwashikashika bila salamu?"

Mtaani wakambatiza Mama Maiti. Watoto walikuwa wanavuka barabara wakimwona. Kulikuwa na mwanamume, fundi umeme, mtu mzuri tu, wameshafikia hatua ya kuonyeshana kwa wazazi. Siku tulipomkaribisha mama yake, Dada alipika mwenyewe. Yule mama aliitazama sahani, akaitazama mikono ya Dada, akasema hana njaa, ametoka kula. Mwanawe naye akaweka kijiko chini. Dada alitoa vyombo macho makavu, akaviosha, akavifuta, akavipanga kabatini, na yule fundi umeme hatukumwona tena. Mimi nilitaka kumfuata mtu nyumbani kwake nikamwambie yake. Baba akanizuia. Lakini nilimwona Baba alivyoumia. Tangu hapo akawa anamtazama Dada kwa huruma, na Dada akawa anaikwepa ile huruma.

Chumba kile kina utaratibu mmoja. Wanafunzi wapya wakiingia, kabla hawajashika kisu, nyuso za waliolala zinafunuliwa zote. Profesa, mkuu wa idara, anawaambia wapite polepole, watazame, na kama yupo anayemfahamu mtu yeyote pale, aseme. Miaka yote hakuna aliyesema. Halafu mwaka mmoja msichana mmoja akasimama mbele ya meza, akashika mdomo. "Huyu alikuwa bawabu wa shule yetu ya msingi," akasema. "Alikuwa akinivusha barabara."

Siku hiyo Dada alirudi nyumbani hakula. Baba akamsumbua mpaka akasema. Wale wote, alisema, ni watu waliofia hospitalini na hakuna aliyekuja kuwaulizia. Wanasubiriwa, wanatangazwa, muda unapita, wanaletwa kwake. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa akiwa hai kama anataka. "Mimi nawashika kwa adabu, Baba, lakini ruhusa sina. Hakuna aliyenipa ruhusa. Hata yule bawabu."

"Hakuna hata mmoja aliyekuja mwenyewe?" Baba akauliza.

"Hakuna. Sheria ipo, fomu zipo, mtu anaweza kujitolea mwili wake. Nani atajitolea?"

Baba akaendelea kupasua kitumbua chake vipande vidogo vidogo. Mimi nilimjua Baba. Nikajua hapo ana jambo.

Haikupita wiki akatangaza. Alikuwa ameshakwenda mwenyewe chuoni, ameshaonana na Profesa, ameshaeleweshwa kila kitu. Akifa, mwili wake uende kule. Wanafunzi wajifunze. Wakimaliza, chuo kitamrudisha, azikwe.

Dada alisimama kiti kikaanguka. "Baba, hapana! Unajua nani atakuosha? Unajua nani atakutafuta huo mshipa? Tuko wawili tu kule, na mwenzangu ni wa kusukuma machela. Ni mimi, Baba!"

"Najua ni wewe. Ningekwenda kwa mtu nisiyemjua?"

"Usinifanyie hivi."

"Nakufanyia nini, mama? Watu wanakwepa mkono wako. Hata chakula chako wanakikataa. Mimi nataka wajue baba yako mwenyewe ameuchagua mkono huo." Akakiinua kile kiti, akakisimamisha. "Na wewe unataka mtu akupe ruhusa. Mimi nakupa. Niwe wa kwanza kuja kwa hiari yangu, wengine wataona njia. Niahidi."

Dada alilia siku mbili tatu, akiosha uso na kuanza tena. Alijaribu kumtisha kwa kumweleza kila hatua, kisu kinapoanzia na kinapoishia. Baba akawa anauliza maswali. Mwishowe Dada akaahidi. Mimi nikatia sahihi kama shahidi kwa sababu yeye ni mfanyakazi wa pale, haruhusiwi.

Masharti yalikuwa mawili tu. Kwanza, ndugu mkubwa wa familia akipinga, chuo hakigusi mwili, hata kama marehemu aliandika nini. Pili, mwili ufike mapema, kabla haujaanza kuharibika.

Ndugu mkubwa kwetu ni Baba Mkubwa, kaka yake Baba, mwalimu mkuu mstaafu. Ana sauti ya kupanga watoto mstarini, na hata kustaafu hakukumpunguzia. Baba akamwita kibandani akamweleza uso kwa uso, mimi nikiwa pale nashona vifungo. Baba Mkubwa alisikiliza, akachukua kofia yake. "Umeharibikiwa," akasema. "Mtu anazaliwa na watu, anazikwa na watu. Wewe unataka kulazwa mezani kama kitambaa?" Akatoka. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na Baba akachukulia kwamba hasira zitaisha.

Hazikuisha. Baba alifariki ghafla kibandani kwake, moyo, wakati wa joto kali la mwaka, mguu ukiwa bado kwenye pedali. Mimi nilikuwa saluni, Dada kazini. Baba Mkubwa ndiye aliyefika wa kwanza kwa kuwa anakaa mtaa wa jirani. Tulipofika sisi, Baba ameshapelekwa kwenye chumba cha maiti cha kituo cha afya cha mtaa wa Baba Mkubwa, na turubai limeshafungwa nyumbani kwake.

Dada alikwenda moja kwa moja kwake, akapiga magoti. "Shikamoo, Baba Mkubwa. Pole kwa msiba. Naomba nimchukue Baba leo."

"Hatoki mtu hapa mpaka ukoo ukae."

"Baba Mkubwa, muda haungoji. Kile kituo umeme wake wa kukatikakatika."

"Muda wa nini? Wa kwenda kumchinja baba yako?"

Basi ukoo ukawa unakaa. Kikao kikazaa kikao. Leo anasubiriwa shangazi anayetoka mbali. Kesho shangazi amefika lakini amechoka, hawezi kusikiliza. Kesho yake anasubiriwa binamu. Kila mtu ana lake: atafufuka vipi, tutawaambia nini majirani, watoto wa chuo watamcheka. Mmoja akasema Dada ameshalewa ile dawa, amekuwa hamnazo. Mimi niliwarudishia, wee, niliwatukana mpaka wakubwa zangu, nikatolewa nje kwa mikono. Dada hakumjibu mtu. Kila asubuhi alikwenda kituoni kuuliza kama umeme ulikuwepo usiku, mlinzi anamwambia ulikuwepo, na kumfungulia hamfungulii, ana amri ya Baba Mkubwa. Anarudi, anakaa kwenye mkeka na wanawake, anaangalia jua linavyopanda. Nilimuuliza kwa nini hamwachii tu, wamzike, yaishe. Si yeye mwenyewe hakutaka toka mwanzo?

"Aliniomba kitu kimoja," akasema. "Maisha yake yote, kitu kimoja."

Siku Baba Mkubwa alipotangaza kwamba kesho tunazika, Dada aliinuka katikati ya watu.

"Baba Mkubwa, wewe ni mkubwa wetu. Ukisema unakataa, chuo hakitamgusa na mimi nitanyamaza. Lakini uwaambie hawa alikuomba nini. Ulikuwa umekaa kibandani, amekueleza kwa mdomo wake. Sema mbele ya watu kwamba hukumsikia, na mimi naondoka sasa hivi."

Baba Mkubwa ana mengi, lakini uongo hana. Uso wake ulikuwa umevimba kwa usingizi na kulia. Watu tulikuwa tumesahau kwamba na yeye amefiwa, amefiwa na mdogo wake wa pekee.

"Nilimsikia," akasema. Halafu ile sauti ya mstarini ikamrudia. "Mchukueni! Mchukueni mkamkate! Lakini mkimtoa hapa, msinitafute. Siku mkirudishiwa mifupa, mtaizika wenyewe. Mimi kwenye kaburi hilo sitatia udongo."

Shangazi akapiga ukelele. Wengine wakaanza kukunja mikeka. Dada aliinama mbele yake, hakuitikiwa, tukaondoka na gari la chuo, mimi na yeye na Baba. Njiani alinishika mkono akanibana mpaka pete ikaniumiza. "Tumempata," alikuwa anasema. "Tumempata, mdogo wangu." Familia ilikuwa imebaki nyuma vipande vipande, na Dada, Mungu anisamehe, alikuwa karibu kutabasamu.

Profesa alitusubiri mlangoni. Ilikuwa si siku ya kazi, amekuja na kandambili na shati la nyumbani. Akampa Dada mkono, akamwambia, "Leo hutafanya wewe. Nitafanya mimi."

"Niliahidi, Profesa."

Akavaa aproni, akavaa glavu. Aliniambia nisubiri koridoni, sikusubiri. Baba alilazwa kwenye meza ya kwanza, karibu na mlango. Dada akasimama upande wake, akashusha pumzi, akafunua shuka. Akasalimu. Kisha akalivuta shuka mpaka kiunoni, na hapo mikono yake ikasimama.

Chini ya tumbo, upande wa kulia, ngozi ilikuwa imegeuka kijani. Haikuwa kubwa, mimi nisingeijali, ningedhani ni taa. Dada akabonyeza kwa vidole viwili. Akapapasa paja, mahali pa mshipa. Akamwinua bega kidogo, akatazama mgongoni. Alifanya vile anavyofanya kwa kila mtu, hatua kwa hatua, hakuruka hata moja, na usoni kwake hakukuwa na chochote. Umeme ulikuwa haupo kule kituoni, mlinzi alisema uongo. Siku zote zile tulipokuwa tunabishana, Baba alikuwa amelala kwenye joto.

Profesa naye ameona. Akageuka kutazama dirishani, kwenye miguu ya wapita njia. "Tunaweza kujaribu," akasema taratibu. "Tutaongeza dawa. Tumpe namba, alale tangini. Nani atauliza?"

"Dawa haitapita," Dada akasema. "Mishipa imeshalegea. Watampata mwanzoni mwa muhula, hawatafika hata kifuani kabla hajaoza. Watamtoa katikati ya masomo."

"Hata hivyo, kwa heshima ya mzee."

Nikaropoka. "Dada, mpokee! Mpokee tu! Tumegombana na dunia nzima kwa ajili ya hiki! Kwani si alitaka kuja hapa? Si amefika?"

"Alitaka wajifunze kwake." Alinitazama, na sasa machozi yalikuwa yanamtiririka, hawezi kuyafuta kwa sababu ya glavu. "Nikimpokea hivi, wataona kinyaa. Wanafunzi watamwonea kinyaa Baba. Hakuja kwa ajili hiyo."

Nilikaa sakafuni. Nilimchukia wakati ule, nasema kweli. Nilichukia kusoma kwake kote. Mtu mwingine yeyote angeliona lile doa akalifunika na shuka, akaenda nyumbani kulala. Dada akamgeukia Profesa, akasimama wima, akamwambia yale maneno ya kazi, yale anayoambia hospitali wakileta mtu aliyechelewa:

"Mwili haufai. Arudishiwe ndugu zake."

Ndugu gani sasa? Ndugu tulikuwa sisi. Tungemzika na nani? Wawili hatuwezi hata kuinua jeneza. Profesa akasema chuo kinaweza kumzika, kina eneo lake, ndiko wanakozikwa wale waliokosa wenyewe. Dada akatikisa kichwa haraka sana. Akavua glavu moja, akaniambia nimpigie Baba Mkubwa. Nikapiga, nikaiweka simu kwa sauti ya juu ili wote tusikie.

Iliita mpaka nikajua hapokei. Akapokea.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

Nyuma tulisikia viti vinapangwa, watu wanaondoa turubai.

"Mnataka nini?"

"Tunaomba umpokee Baba. Tunaomba tumzike wote."

"Si mmempeleka kwa wenye elimu?"

"Amerudishwa."

Mimi nilikuwa namshika aproni, namnong'oneza kwa hasira, mwambie, mwambie ni yeye, ni vikao vyake, ni kile kituo chake kisicho na umeme, mwambie alale na hilo. Dada akaniwekea kiganja mdomoni. Upande wa pili tulimsikia yule mzee anavuta pumzi, na sauti iliyotoka haikuwa ya mstarini hata kidogo.

"Kwa hiyo mdogo wangu, hata huko wamemkataa?"

Dada alimtazama Baba pale mezani.

"Si wao, Baba Mkubwa," akasema. "Nimemkataa mimi."